Sauti Ipitayo Juu ya Mlima Meru

Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ilipandishwa, na mwenge ukawashwa juu ya Kilimanjaro, mlima uonekanao toka mabegani mwa Mlima Meru kukiwa kweupe. Siku tatu baadaye jambo jingine lilitukia huko Marekani, nalo lilijulikana na wachache. Kijisanduku cha kilo 4 na nusu kilirushwa angani, kikawa kinaizunguka dunia. Jina lake lilikuwa OSCAR 1. Roketi iliyokichukua ilikuwa ya jeshi, lakini kijisanduku chenyewe kilitengenezwa na watu wa redio ya ridhaa.

Watu wa redio ya ridhaa ni watu gani? Ni watu wapendao kusemezana kwa redio na kujifunza kazi zake, wala hawapati mshahara kwa kazi hiyo. Mmoja ni fundi, wa pili ni mwalimu, wa tatu ni mkulima. Jioni kila mmoja huketi penye redio yake.

OSCAR 1 kilituma herufi mbili tu, H na I, kwa alama za Morse: nukta nne, kisha nukta mbili. Ilikuwa kama mtu apitaye njiani na kusema, "Hodi!" Lakini ndani ya salamu ile mlikuwa na habari. Mwendo wa nukta zile uliongozwa na joto la kijisanduku. Basi aliyezihesabu kwa saa aliweza kujua joto la chombo kilichokuwa mbali juu yake, asichoweza kukigusa. Watu zaidi ya 500 wa nchi 28 walisikiliza na kuandika walichosikia. Baada ya wiki tatu hivi sauti ikanyamaza.

Labda mtoto wa Arusha atasema, "Mambo hayo ni ya wengine, si yetu." Sivyo. Anga haina mlango wala bawabu. Setilaiti ipitayo juu ya London hupita pia juu ya mashamba ya kahawa na migomba chini ya Mlima Meru. Yatupasa tu kujua namna ya kusikiliza.

Tutwae mfano wa Kituo cha Anga cha Kimataifa, ambamo watu hukaa na kufanya kazi. Kiko juu yapata kilomita 400, nacho huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Kila sekunde huenda zaidi ya kilomita 7. Basi la abiria hutoka Arusha asubuhi likafika Dar es Salaam jioni; kituo kile huenda mwendo wa njia hiyo kwa dakika moja na nusu tu. Ndani yake mna redio ya ridhaa, na toka mwaka 2000 wanafunzi wa shule za nchi nyingi wamewauliza wanaanga maswali, nao wakajibiwa.

Sauti yake husikika kwenye megahezi 145.800. Redio ya kawaida ya nyimbo na habari haifiki hapo. Yatakiwa redio iwezayo kupokea namba hiyo. Antena yaweza kutengenezwa shuleni kwa waya mbili za shaba, kila moja sentimeta 49, zilizofungwa juu ya ubao zikielekeana ncha kwa ncha, pasipo kugusana. Kituo hakisemi kila saa. Siku nyingine hutasikia kitu, usikate tamaa. Siku kitakaposema, fanya majaribio haya matatu.

Jaribio la kwanza ni la saa. Andika dakika sauti ilipoanza na dakika ilipokoma. Hata kikipita juu ya utosi wako, hutakisikia zaidi ya dakika 10 hivi, kisha kitazama nyuma ya upeo wa macho. Hapo umejionea kwamba dunia ni mviringo, wala hukuambiwa tu.

Jaribio la pili ni la mlima. Mawimbi haya huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, wala hayapenyi mwamba. Mlima Meru una urefu wa meta 4,562, nao umesimama kaskazini mwa mji. Kituo kikienda zake upande wa Mlima, sauti itakatika yapata dakika mbili kabla ya wakati wake, kwa kuwa Mlima umeikinga. Lakini watoto wa Ngarenanyuki, walio upande wa pili, watakuwa wakiisikia bado. Shule mbili zikiandika dakika zao na kupelekeana, zitakuwa zimeupima Mlima kwa masikio.

Jaribio la tatu ni la mawimbi. Simama kando ya barabara ya Moshi usikilize pikipiki ipigayo honi. Ikija, mlio ni mwembamba. Ikiisha kupita, mlio huwa mnene. Mawimbi ya redio nayo hufanya vivyo hivyo. Kituo kikija, namba hupanda kidogo juu ya 145.800, kikienda, hushuka chini yake. Tofauti ni kilohezi 3 hivi.

Setilaiti nyingine haikimbii machoni petu. Mwezi Novemba 2018 ilirushwa Es'hail-2 ya nchi ya Katari, yenye sehemu ya redio ya ridhaa. Iko juu ya ikweta, juu ya misitu ya Kongo, umbali wa kilomita 36,000. Kwa kuwa huzunguka pamoja na dunia, yaonekana kama imetulia. Mtu wa Arusha aitafutaye huuelekeza ungo wake karibu juu kabisa, kidogo upande wa magharibi.

Tena kazi hii si ya kusikiliza tu. Mwaka 2022 wahandisi watatu wa Uganda, waliosoma Japani, walikamilisha setilaiti ya PearlAfricaSat-1, yenye upana wa sentimeta 10 kila upande. Tarehe 2 Desemba ilitolewa katika kituo kile kile tulichokitaja, ikaanza kuizunguka dunia, nayo ilitumia mawimbi ya redio ya ridhaa. Wahandisi wale nao walianza kwa kujifunza hesabu shuleni.

Jambo moja la kukumbuka: kusikiliza si sawa na kusema. Hapa Tanzania hapana ruhusa kurusha sauti hewani pasipo leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Anayesema ovyo huwazuia wengine wasisikiane.

Aliyeambiwa ana habari; aliyepima ana elimu. Chukua saa na daftari, ukasikilize.

MASWALI

1. Kituo kikizunguka mara moja kwa dakika 90, kitazunguka mara ngapi kwa saa 24?
2. Kwa nini sauti hukatika mapema kituo kikienda upande wa Mlima Meru?
3. Ni shule gani itachelewa kukisikia kituo kitokapo kusini-magharibi: ya mjini Arusha, au ya Ngarenanyuki? Eleza sababu.
4. OSCAR 1 kilipelekaje habari za joto lake?