Milioni Moja ya Mdomoni na ya Mkononi

Nimekaa miaka mingi kwenye majopo ya usaili hapa Tanzania. Nimeona vijana wakieleza shahada na uzoefu wao kwa ufasaha, kisha sauti inawakauka fedha ikitajwa. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza zaidi.

Nikiuliza mshahara, sitaonekana nina tamaa?

Hata bodaboda hupandi kabla ya kupatana nauli, na dereva haoni kwamba umemkosea. Angalia wakati tu. Kwanza waonyeshe utakachowafanyia. Wakikupa nafasi ya kuuliza, sema bila kuzunguka: "Naomba kufahamu nafasi hii imetengewa mshahara kiasi gani."

Wakiniuliza nataka kiasi gani?

Usijibu, "Chochote mtakachonipa nitashukuru." Siku moja tulikuwa na nafasi mbili zinazofanana. Kijana aliyeongoza kwa alama kwenye usaili alijibu hivyohivyo, macho chini. Aliyemfuata kwa alama alitaja kiwango chake na sababu zake. Bajeti ilikuwa na kima cha chini na cha juu: wa kwanza akaandikiwa cha chini, wa pili akapata karibu na cha juu. Nilikuwa mezani na sikupinga. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo nenda na hesabu yako. Waulize wanaofanya kazi kama hiyo wanalipwaje, jumlisha kodi ya nyumba, nauli na chakula, kisha taja kima cha chini na cha juu. Hicho cha chini kiwe unachoweza kuishi nacho kweli, maana huenda ndicho utakachopewa.

Na wakitaka kujua ninacholipwa sasa?

Usidanganye, wanaweza kudai hati yako ya mshahara. Kama mshahara wako wa sasa ni mdogo, utaje, kisha uwarudishe kwenye kazi iliyo mbele yao: "Majukumu ya hapa ni makubwa zaidi, naomba tupime kwa hayo."

Nimeambiwa milioni moja. Ndiyo nitakayopokea?

Sivyo, kama ni mshahara ghafi, yaani kabla ya makato. Tuseme wote ni mshahara wa msingi na mchango wako wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni asilimia 10: inatoka 100,000. Zinabaki 900,000 za kutozwa kodi. Kwa viwango vya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, vilivyoanza Julai 2021, kodi yake ni 103,000. Mkononi zinabaki 797,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, na hujamaliza kuulipa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 150,000. Unabaki na 647,000. Zaidi ya theluthi imeondoka kabla hujanunua hata mkate. Ndiyo maana swali la kwanza baada ya kutajiwa kiasi liwe: "Hiyo ni kabla ya makato au baada ya makato?"

Serikalini nako kuna kupatana?

Kwa kawaida hakuna. Tangazo la kazi hutaja ngazi ya mshahara, kwa mfano TGS D, na ngazi hiyo ina kiwango chake. Fahamu kiwango hicho kabla ya kutuma maombi.

Tumekubaliana kwa mdomo. Inatosha?

Haitoshi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, yakiwemo malipo na namna yanavyokokotolewa. Kama uliahidiwa posho ya nyumba au nauli, itafute kwenye karatasi kabla ya kusaini. Usipoiona, rudisha mkataba kwa adabu: "Tulizungumza pia kuhusu nauli, naomba iandikwe." Mwajiri aliyekusudia kukulipa ataiandika. Anayekasirika kwa ombi hilo amekupa jibu kabla hujaanza kazi.