Mlima wa Homa na Watu Wake

Jina la Homa lisimtishe msomaji, kwani hapa halina maana ya ugonjwa. Ni jina la mlima uliosimama katika rasi iingiayo Ghuba ya Winam, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, baina ya Kendu Bay na mji wa Homa Bay, nchini Kenya. Kilele chake kina kimo cha mita 1,751 juu ya bahari, yaani mita 600 hivi juu ya maji ya ziwa. Zamani za kale ulikuwa mlima wa moto. Moto huo umekwisha kuzimika, lakini chemchemi za maji moto zingali zikibubujika kandoni mwake.

Chini ya mlima vimo vijiji vya Waluo wa Karachuonyo. Miji mingi imezungushiwa ua wa minyaa, na mashamba yake ni ya mtama na mahindi. Ufukoni wavuvi hutengeneza nyavu zao, na wanawake huanika dagaa, ambao wenyeji huwaita omena. Mgeni atakaye kupanda mlima hupita kwanza miongoni mwa watu hawa, naye yampasa kuwaamkia na kuwauliza njia. Hiyo ni adabu. Lakini mambo yaliyotukia mahali hapa yaonyesha kwamba adabu hiyo ina faida kwa elimu pia.

Mwaka wa 1932 msaidizi wa mtaalamu Louis Leakey alipata kipande cha taya la mtu huko Kanam, chini ya mlima huu. Leakey alisadiki kwamba ni la mtu wa kale mno, akatangaza habari hiyo Uingereza. Mahali alipofanya kazi aliweka alama kwa kupigilia vyuma ardhini. Ilipofika mwaka wa 1935, Profesa Percy Boswell, bingwa wa elimu ya miamba, alikuja kutoka London apate kupaona kwa macho yake. Walipotafuta alama, nyingi hazikuwapo. Mvua ilikuwa imekula ardhi, na vyuma, kama ilivyoelezwa baadaye, vilikuwa vimechukuliwa na wenyeji kuwa ndoana na mikuki. Leakey hakuweza kuonyesha kwa hakika mahali taya lilipotoka. Boswell akarudi na kuandika hayo katika gazeti la wataalamu, na sifa ya Leakey ikapata doa kubwa.

Wavuvi wale wasilaumiwe. Kwa mvuvi, kipande cha chuma kilichoachwa porini ni ndoana njema. Alama ambayo wenyeji hawaijui maana yake haina mlinzi.

Sasa tutazame jambo la pili. Miaka mingi baadaye wataalamu wengine walichimba katika rasi hiyo hiyo, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kufanya kazi pamoja na wenyeji. Mwenyeji mmoja ndiye aliyewaambia kwamba huko Nyayanga, karibu na ufuko, mifupa na mawe ya kale yalikuwa yakijitokeza ardhini. Wakaenda, wakachimba. Habari zilizotangazwa mwaka wa 2023 zilieleza kwamba palipatikana zana za mawe 330, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Umri wa vitu hivyo ulikadiriwa kuwa baina ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Hizo zimo katika zana za kale kabisa za namna hiyo zilizopata kuonekana duniani. Mlango wa elimu hiyo ulifunguliwa na mtu wa kijijini aliyeijua ardhi yake.

Wenyeji wana fundisho lao wenyewe juu ya wageni. Karibu na Kendu Bay liko ziwa dogo la magadi liitwalo Simbi Nyaima, ambako heroe huonekana. Wataalamu hulihesabu kuwa shimo la mlima wa moto. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja, watu walipokuwa katika karamu ya pombe, kikongwe mgeni alikuja kuomba hifadhi, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea, naye akaonywa aondoke. Mvua kubwa ikanyesha, na kijiji kikazama pamoja na watu wake.

Hadithi hiyo humfundisha mwenyeji kumpokea mgeni, na habari ya Kanam humfundisha mgeni kumshirikisha mwenyeji. Basi aendaye Homa kuutazama mlima na afike kijijini kwanza, aeleze ajalo, aombe kijana wa kumwongoza na kumlipa ujira wa haki. Akiona jiwe au mfupa wa kale, asiuokote wala kuusogeza, bali awaonyeshe wenyeji mahali ulipo, ili habari iwafikie watu wa Makumbusho. Kitu cha kale kikiondolewa pahali pake, nusu ya habari yake imepotea.