Tairi la Gari kwenye Pikipiki: Je, Ni Salama?

Mlaji anayenunua tairi la pikipiki huuliza kwanza bei, kisha huuliza litadumu kwa muda gani. Maswali hayo ni ya haki, hasa kwa dereva wa bodaboda ambaye tairi lake la nyuma huisha mapema kwa sababu ya mizigo na barabara za changarawe. Kwa kuwa tairi la gari hubeba uzito mkubwa na huchelewa kuisha, huenda mtu akajiuliza: kwa nini lisifungwe kwenye pikipiki? Katika somo hili tunalijibu swali hilo na kueleza namna ya kulitambua tairi linalofaa.

Hoja ilikotoka

Nchini Marekani na katika baadhi ya nchi za Ulaya wapo waendesha pikipiki kubwa za safari ndefu, kama vile Honda Gold Wing, wanaofunga tairi la gari kwenye gurudumu la nyuma. Sababu wanazozitoa ni unafuu wa bei na kudumu kwa muda mrefu. Hatusemi kwamba kila aliyefanya hivyo ameanguka. Wapo waliosafiri maelfu ya kilomita wakiwa salama. Hata hivyo, watengenezaji wa pikipiki na wa matairi kwa kawaida huonya dhidi ya jambo hilo. Tairi lisilofaa huweza kumstahimilia dereva siku nyingi za barabara kavu na iliyonyooka, kisha likamwangusha siku moja ya mvua, kwenye kona ya ghafla.

Tofauti tatu za msingi

Kwanza, umbo. Gari hugeuka kwa kukata magurudumu ya mbele, na matairi yake hubaki karibu wima. Pikipiki hugeuka kwa kulala. Kwa sababu hiyo uso wa tairi lake ni wa mviringo, ili pikipiki ikilala, mguso wa mpira na barabara uhame taratibu kutoka katikati kwenda pembeni. Uso wa tairi la gari ni bapa. Pikipiki inapolala juu yake, uzito huegemea kwenye bega la tairi, ubavu hupindika kwa namna ambayo haukuundiwa, na dereva hulazimika kutumia nguvu zaidi ili kuilaza.

Pili, ukaaji kwenye rimu. Ukingo wa ndani wa tairi una waya za chuma zinazoshika rimu. Rimu ya pikipiki na ya gari, hata zikiandikwa inchi zilezile, hazifanani kikamilifu mahali pa kukalia ukingo huo. Fundi huenda akalazimika kujaza upepo kupita kiwango ili ukingo ukae, na hapo tairi au rimu huweza kupasuka na kumjeruhi. Ukingo uliokaa vibaya huweza pia kuchomoka upepo unapopungua njiani.

Tatu, uzito. Mpira na nyuzi za tairi la gari vimeundwa kwa ajili ya chombo kizito. Chini ya pikipiki nyepesi, tairi hilo halifanyi kazi katika hali lililokusudiwa.

Vyombo visivyolala kwenye kona, kama bajaji au pikipiki yenye kigari cha pembeni, vina mahitaji tofauti. Hata hivyo navyo vifungwe tairi la ukubwa ulioelekezwa na mtengenezaji. Kwa bajaji nyingi ukubwa huo ni 4.00-8.

Hali ya bodaboda

Pikipiki nyingi za bodaboda zina rimu nyembamba za inchi 17 au 18. Tairi la 3.00-18 lina upana wa milimita 76 hivi, ilhali tairi la gari la inchi 17 aghalabu huzidi milimita 200. Kwa hiyo haliwezi hata kuingia. Hatari iliyo karibu zaidi na mlaji ni ndugu wa hiyo: tairi la ukubwa usio sahihi, tairi kuukuu lililokaa dukani miaka mingi, au tairi lenye kipara lililochongwa kashata upya. Kuchonga huko hakuongezi mpira; hupunguza uliobaki.

Soma ubavu wa tairi kabla ya kulipa

Chukua mfano wa tairi lililoandikwa 3.00-18 M/C 47P.

• 3.00 ni upana kwa inchi. 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.
• M/C huonyesha kwamba tairi ni la pikipiki.
• 47 ni namba ya uzito: tairi hili hubeba hadi kilo 175. Anayebeba mshikaki au magunia ya mkaa aikumbuke namba hiyo.
• P ni kikomo cha mwendo: kilomita 150 kwa saa.
• Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni tarehe ya kutengenezwa. 2523 ni wiki ya 25 ya mwaka 2023.
• Mshale huonyesha upande wa kuzunguka. Hakikisha fundi ameufuata.
• TWI huonyesha mahali palipo na alama ya kikomo. Kashata zikilingana na alama hiyo, tairi limekwisha.

Linganisha ukubwa huo na ulioandikwa katika kitabu cha maelekezo ya pikipiki yako, na upepo ujazwe kwa kipimo kilichotajwa humo.

Haki yako

Dai risiti yenye ukubwa na aina ya tairi, na uitunze. Ukigundua kwamba umeuziwa tairi tofauti na ulilolipia au lililochongwa upya, usiendelee kulitumia. Lirudishe kwa muuzaji pamoja na risiti. Akikataa kukusikiliza, wasilisha malalamiko kwetu.

Nawe abiria, kabla ya kupanda, tazama tairi la nyuma. Ukiona kipara au waya zimetokeza, tafuta pikipiki nyingine. Nauli ni yako, na uhai ni wako pia.