Vinywaji vya Nchi Mbalimbali, na Mpaka wa Kikombe

Mwezi huu twataka kujifunza habari za vinywaji, vilevyavyo na visivyolevya, vya kwetu Mbulu na Hanang na vya nchi nyingine. Watu wengi wakisikia neno hili hungojea maonyo juu ya ulevi tu. Lakini imetupasa kwanza kujua, ndipo tuhukumu. Maana mwalimu asiyekijua kitu anachokikataza hasikilizwi na wazee wala na vijana.

1. Vinywaji vya kwetu

Pombe ya nafaka Wairaqw huiita buura. Mama wa nyumba huloweka mtama au ulezi, huuacha uote, huuanika juani, kisha huusaga. Hicho ndicho kimea. Baadaye hupika uji, huupoza, huutia kimea, na kuuacha uchachuke. Ni kazi ya siku nyingi, na kuni nyingi, na maji mengi yaliyobebwa kichwani.

Kwa Wabarabaig wanaochunga ng'ombe katika nyanda zilizouzunguka Mlima Hanang, pombe ya heshima ni ile ya asali, iitwayo gesuda. Hiyo ni pombe ya wazee na ya sherehe kubwa, kama mazishi ya mzee aliyeheshimiwa. Kinywaji chao cha kila siku ni maziwa.

Basi, tuangalie kazi ya pombe hizi katika maisha ya watu. Zamani mtu mwenye shamba kubwa hakuwa na fedha ya kulipa vibarua. Alipika pombe, akawaita jirani, wakalima au wakavuna pamoja, na jioni wakaketi. Penye kikao cha wazee ndipo magomvi yalipopatanishwa. Tena Wairaqw wana maombi ya baraka yaitwayo slufay, ambayo mzee mmoja huyanena na wengine humwitikia, na mara nyingi yalinenwa mahali pa pombe. Kwa hiyo kikombe kilikuwa mshahara, na upatanisho, na baraka. Aliyekosa kikombe alikosa na kikao.

2. Pombe za nchi nyingine

Tusidhani kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Wachagga hufanya mbege kwa ndizi na kimea cha ulezi. Wahaya hukamua ndizi mbivu, wakachanganya maji yake na mtama, wakapata rubisi. Huko Iringa na Njombe watu hukata ncha ya mwanzi mchanga, na utomvu unaodondoka ndio ulanzi. Pwani hugema mnazi, wakapata tembo. Wahabeshi hufanya teji kwa asali na majani ya mti uitwao gesho. Nayo ni ndugu ya gesuda.

Na Wazungu je? Wafini wana pombe ya kale iitwayo sahti, ya kimea cha shayiri, ambayo huchujwa kwa matawi ya mti; mama wa Dongobesh angeiona kazi hiyo angeifahamu mara moja. Tena Katharina von Bora, mkewe Martin Luther, alipika pombe ya shayiri nyumbani mwao Wittenberg. Siku zile katika Ujerumani ilikuwa kazi ya kawaida ya mama wa nyumba.

Katika pombe hizi zote ufundi ni mmoja. Sukari iliyomo katika asali, au tunda, au nafaka iliyoota, huliwa na hamira, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho. Navyo huigeuza kuwa kileo na hewa ile inayotoa povu. Kileo kikizidi, hamira yenyewe hufa. Ndiyo sababu pombe iliyochachuka tu haiwezi kuwa kali kupita kiasi fulani.

3. Mipaka mitatu ya zamani

Pombe ya namna hii ilikuwa na mipaka ambayo hakuna aliyeiandika. Mpaka wa kwanza ni kazi: haikuweza kupikwa leo ikanywewa leo. Wa pili ni muda: buura hukaa siku chache tu, kisha huharibika, haiwezi kufichwa sandukuni wala kuchukuliwa mfukoni. Wa tatu ni watu: ilinywewa kikaoni, mbele ya wazee, nao walijua nani anywe na nani asinywe bado.

Hatusemi kwamba zamani hapakuwa na walevi. Walikuwako, na wake zao na watoto wao waliumia. Tena nafaka iliyopikwa pombe baada ya mavuno haikuonekana tena ghalani katika miezi ya njaa. Walakini mipaka ilikuwapo.

4. Pombe iliyovuka mipaka

Gongo, iitwayo pia pombe ya moshi, ni kitu kingine. Pombe iliyochachuka huchemshwa. Kileo hupanda kwanza kwa sababu huchemka penye joto la digrii 78, nayo maji hungojea digrii 100. Mvuke huo hupozwa katika bomba ukawa maji makali. Uganda wana waragi, na Kenya wana chang'aa.

Tufanye hesabu ndogo. Nusu lita ya pombe yenye kileo sehemu 4 katika 100 ina mililita 20 za kileo. Kikombe kidogo cha mililita 50, chenye kileo sehemu 40 katika 100, kina mililita 20 zile zile. Basi kile ambacho mzee alikinywa polepole kwa mazungumzo marefu, kijana hukimeza kwa mara moja akiwa amesimama. Kazi imepungua, muda umeondoka, na kikao hakipo.

Hatari nyingine ni sumu. Wauzaji wengine huongeza spiriti ya viwandani iitwayo methanoli, ambayo hupofusha macho na kuua. Mwezi wa Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka.

Kisha vilikuja viroba, yaani pombe kali katika vifuko vidogo vya plastiki, vilivyouzwa kwa bei ndogo hata karibu na shule. Serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017. Ilikuwa amri njema. Lakini tusitegemee amri peke yake. Norwei, nchi walikotoka wamisionari wengi wa Mbulu, ilikataza pombe kali kwa kura ya wananchi mwaka 1919, ikaiondoa amri hiyo mwaka 1927. Marekani ilikataza pombe kuanzia 1920 hata 1933. Pote pale watu walipika na kuuza kwa siri. Gongo nayo imekatazwa na sheria zetu, na bado yapikwa.

Mtu akiuliza, je, pombe ya zamani basi ni salama? Jibu ni hapana. Tangu 1988 wataalamu wa kimataifa wa maradhi ya kansa wamehesabu pombe miongoni mwa vitu viletavyo kansa. Na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hapana kiasi cha pombe kisicho na hatari yoyote kwa afya. Mipaka ya wazee ilipunguza madhara, haikuyafuta.

5. Vinywaji visivyolevya

Hapa ndipo penye jambo kubwa la somo letu. Ukimwondolea mtu kikombe usimpe kingine, umemwondolea na kikao chake, naye atakitafuta kwingine.

Togwa ni dada ya buura. Hupikwa kwa uji na kimea vile vile, lakini hunywewa mapema, ingali tamu. Ikiachwa siku nyingi huwa pombe; kwa hiyo atakayeiandaa kwa arusi aipike karibu na siku yenyewe. Maziwa ni heshima ya nchi yetu, mabichi au ya mgando. Sharti yachemshwe kwanza, maana maziwa yasiyochemshwa huweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya brusela, ambayo huwasumbua wafugaji kwa miezi mingi.

Tutazame na mataifa mengine. Wahabeshi humkaribisha mgeni kwa kahawa: huikaanga mbele yake, huitwanga, huipika, na kumpa vikombe vitatu, kimoja baada ya kingine, na cha tatu huitwa baraka. Huko Oman kahawa yenye hiliki hutolewa pamoja na tende, na mgeni hazungumzi shauri lake kabla ya kuonja. Wahaya humpa mgeni buni za kutafuna. Katika desturi hizi hakuna kileo, lakini heshima imekamilika, kwa sababu wenyewe huifanya kwa taratibu na kwa mikono miwili.

Na chai je? Mababu zetu hawakuijua. Katika nchi hii ilijaribiwa kupandwa Amani, milima ya Usambara, katika siku za Wajerumani. Leo hakuna nyumba Katesh wala Haydom ambayo mgeni huingia asiulizwe habari ya chai. Basi desturi hubadilika, na hubadilika upesi, kama kitu kipya kimepewa kiti cha heshima.

6. Yatupasayo sisi

Kwanza, mtu akiwaita jirani kuvuna, asiwape maji matupu akasema, mimi sinywi pombe. Awaandalie togwa, na chakula cha kutosha, naye aketi nao jioni hata mazungumzo yaishe. La sivyo mwaka ujao watakwenda kwa mwenye pombe, wala tusiwalaumu.

Pili, tuwakumbuke akina mama wanaopika pombe ili kulipa ada na kununua madaftari. Kumwambia mjane, acha, bila kumsaidia kupata njia nyingine, ni kumtwisha mzigo tusioubeba sisi. Wako wanaoweza kuuza togwa, maziwa, mayai au asali, kama wakipata mtaji mdogo na wanunuzi waaminifu. Hao wanunuzi ni sisi.

Tatu, wazee wakinena baraka, tusiikimbie baraka kwa sababu ya kibuyu. Kibuyu chaweza kujazwa maziwa, na baraka ikabaki.

Maswali ya kuulizana darasani

1. Buura na gongo zatofautianaje katika kazi, muda na watu?
2. Mililita 100 za pombe yenye kileo sehemu 40 katika 100 ni sawa na kiasi gani cha pombe yenye sehemu 4?
3. Kwa nini marufuku ya Norwei na Marekani hayakudumu?
4. Katika kijiji chetu, ni kinywaji gani kisicholevya kinachoweza kupewa kiti cha heshima penye arusi na penye mavuno? Nani atakipika, na kwa nafaka ya nani?