A4988: Panga Umeme Kwanza, Programu Baadaye

Chipu za kuendeshea mota za hatua haziharibiwi na programu mbovu. Huungua upande wa umeme wa mota, mara nyingi pale pale unapowasha. Kwa hiyo ukiwa na bodi ndogo ya A4988, ile iliyoenea kwenye printa za 3D, kompyuta isubiri kwanza.

Anza na kapasita. Waya mrefu kutoka kwenye pawa saplai, ukikutana na kapasita ndogo za seramiki zilizo kwenye bodi, hufanya volti zipande ghafla wakati wa kuwasha. Hata kwa saplai ya volti 12, mruko huo unaweza kuvuka volti 35, na hapo ndipo uwezo wa chipu hii unapokomea. Weka kapasita ya elektrolitiki ya mikrofaradi 100, ya volti 50, ikigusana kabisa na pini za VMOT na GND. Ikikaa mbali haisaidii.

Kisha weka kikomo cha mkondo, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea kwa kunakili namba ya bodi ya mwenzao. Kanuni ni hii: volti ya rejea (Vref), unayoiweka kwa skrubu ya kurekebishia, ni mara 8 ya mkondo unaoutaka, mara ukinzani wa rezista ya kupimia. Angalia kwa makini rezista mbili nyeusi zilizo karibu na chipu. R100 ni omu 0.1, R050 ni omu 0.05. Ukitaka ampea 0.8, bodi ya R100 inahitaji Vref ya volti 0.64, ya R050 inahitaji 0.32. Ukiiwekea hiyo ya pili 0.64, mota itapewa ampea 1.6, na chipu isiyo na kipoza joto hulemewa ikivuka takriban ampea 1. Pima Vref kati ya skrubu hiyo na GND, zungusha kidogo, pima tena. Bisibisi isiteleze ikagusa pini za jirani.

Usishangae mota iliyoandikwa volti 2.8 kulishwa volti 12 au 24. Chipu inadhibiti mkondo kwa kukata na kurudisha umeme haraka sana, na volti kubwa ndiyo inayoipa mota kasi.

Nyaya nne za mota zipange kwa mita: mbili zinazoonyesha omu chache ni za koili moja. Usizichomoe kamwe umeme ukiwa umewaka, kwa sababu koili ikikatwa ghafla hurudisha volti kali ndani ya chipu.

Bodi ikikaa kimya ingawa kila kitu kimeungwa, tazama pini ya RESET. Ikiachwa wazi haina uhakika wa kuwa juu wala chini. Iunganishe na SLEEP iliyo jirani yake.