Dondoo muhimu: Kukaribisha tena wageni kwenye Seder

Seder, mlo wa ibada unaofungua Pasaka ya Kiyahudi, Wayahudi wengi waliila mwaka 2020 wakiwa wamejifungia. Mwaka 2021 masharti ya korona yalilegezwa Israeli, lakini meza iliyojaa bado ilitaka tahadhari.

1. Hesabu watu kabla ya kualika: mwaka 2021 mwisho ulikuwa 20 ndani, 50 nje.
2. Uliza kuhusu chanjo waziwazi, hasa wazee wakiwepo. Mwenye homa au kikohozi apelekewe chakula kwake.
3. Mgeni akitaka kuja na kitu, mwombe maua. Keki au biskuti za kawaida zina chachu, na nyumba umeshaisafisha chachu yote kwa ajili ya Pasaka!
4. Ulizia wali na maharage: Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) wengi hawavili wakati wa Pasaka, Wasefardi (wenye asili ya Uhispania na Ureno) wengi huvila.
5. Mwaka 2021 Seder ilikuwa Jumamosi usiku, Machi 27, Sabato ilipoisha. Seder ikifuata Sabato hivyo, choma mfupa wa sahani ya Seder na koroga maji ya chumvi Ijumaa, kwa kuwa kazi hizo hazifanywi siku ya Sabato. Meza ipangwe giza likishaingia.
6. Kila mtu awe na kikombe chake, Haggadah yake (kitabu kinachosomwa kwenye Seder) na kibakuli chake cha maji ya chumvi. Epuka bakuli moja la kuchovyea mboga kwa meza nzima.
7. Fungua madirisha tangu mwanzo. Usingoje hadi desturi ya kumfungulia mlango nabii Eliya, ambayo huja baadaye katika Seder.
8. Walaze watoto mchana. Seder haianzi kabla ya giza, na afikomani, kipande cha mkate usio na chachu kinachofunga mlo, huliwa kabla ya usiku wa manane.