Tangawizi na Mafua

Juni na Julai baridi hutushika hapa Itaka, na mafua hubisha hodi nyumba kwa nyumba. Ndipo tunapochemsha tangawizi, tukatia limau na asali. Twafanya vema: kinywaji hicho hulainisha koo na kutuliza kikohozi. Lakini hakiui virusi vya mafua. Mwili wenyewe huvishinda, kwa kawaida kwa siku 7 hadi 10. Kinga yake hujengwa kwa chakula bora, usingizi na chanjo.

Basi tushike mambo matatu.

Kwanza, mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipewe asali. Yaweza kuwa na bakteria wanaotoa sumu tumboni mwake.

Pili, tuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia. Mwenye miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 mara 40, huenda ni nimonia. Tusingoje sufuria ichemke; tumpeleke zahanati.

Tatu, mwenye kikohozi cha wiki 2 apimwe kifua kikuu.

Zoezi: leo tuhesabu pumzi za mtoto angali mzima, tupate kuzoea.